Mgeni yuko siti ya nyuma, Kiingereza kimegoma

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa mradi mmoja hapa Dodoma. Karibu kila wiki napokea wageni stesheni ya treni ya SGR na kuwapeleka Mtumba, kwenye ofisi za wizara, au hotelini. Kidato cha nne nilimaliza, Kiingereza nakielewa, hata taarifa ya habari naifuata. Tatizo ni zile dakika za garini. Mgeni akisema 'How are you?' najibu 'Fine', halafu kimya mpaka tunafika. Juzi nilijaribu kumchangamsha dada mmoja kwa kumuuliza ana watoto wangapi, akanuna. Nifanyeje na mimi niweze kupiga stori za kawaida kama ninavyopiga kwa Kiswahili?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo "Fine" lako, kwa sababu najua limetoka wapi. Limetoka darasani. Mwalimu akiingia, darasa zima linasimama kwa mpigo: "Good morning, teacher!" Anaitikia, anauliza "How are you?", nanyi kwa wimbo mmoja: "We are fine, teacher!" Anasema "Sit down", mnajibu "Thank you, teacher!" Viti vinakwaruza sakafu, kimya, ubao unaanza kujaa. Umelisema neno hilo maelfu ya mara, na kila ulipolisema kilichofuata kilikuwa kukaa na kunyamaza. Leo mgeni anakuuliza swali lilelile, mwili wako unafanya ulichozoezwa. Nimefundisha Kiingereza zaidi ya miaka ishirini na mlio wa viti hivyo nimeusikia sana, kwa hiyo sehemu ya lawama niachie mimi.

Sasa jitazame asubuhi ukikutana na dereva mwenzako pale mnapooshea magari. "Habari za tangu juzi?" "Nzuri, za kwako?" "Salama. Nyumbani hawajambo?" "Hawajambo, ila mdogo alikuwa na mafua." "Pole. Na mvua huko kwenu Nzuguni?" "Wapi! Upepo tu." "Eeh, mwaka huu kazi ipo." Dakika tatu zimepita, hakuna aliyepata habari yoyote ya maana, na wote wawili mmeridhika. Mngepitana bila hayo, kila mmoja angeshinda akijiuliza mwenzake ana nini. Mtu anaweza kuwa na msiba, akiulizwa habari atajibu kwanza "Nzuri", ndipo aongeze "ila tumefiwa." Tangu utotoni tunajua kwamba "habari" haiulizwi ili kupata habari. Ndivyo ilivyo "How are you?" Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki, aliandika mwaka 1923 kuhusu maneno ya aina hii, ambayo kazi yake ni kuwaunganisha watu kuliko kupashana taarifa, akayapa na jina la kitaalamu. Bibi wa Bahi anayekusalimia "Mbukwenyi" kwa Kigogo hana haja na hilo jina, ila kazi yenyewe anaifanya kila siku.

Kwa hiyo ufundi wa kupiga stori unao. Unapokwama ni kwenye kuchagua mada, na kwenye kuyahamisha maneno ya Kiswahili yalivyo na kuyapandisha gari la Kiingereza.

Twende kwa yule dada. Kwetu kuulizia watoto ni heshima; usipoulizia nyumbani kwa mtu umemdharau. Kwa Waingereza, Wamarekani na wengi wa Ulaya, mambo ya watoto, ndoa, umri, mshahara, dini na unene ni vyumba vya ndani, na mgeni huanzia barazani. Huenda dada yule hana watoto na anawatamani. Huenda ameulizwa hivyo mara tano wiki hiyo hiyo. Huwezi kujua, ndiyo maana swali lenyewe wanaliepuka. Akilitaja mwenyewe, akasema "My son loves trains", hapo mlango kaufungua yeye, nawe ingia: "Oh, how old is he?" Na ukishaanza na "he", baki na "he" mpaka mwisho. "Yeye" yetu haichagui mwanamume wala mwanamke, ndiyo maana ulimi wetu unateleza hapo hata kwa wasomi wakubwa. Kuhusu "Umenenepa!", ambayo kwetu ni pongezi, iache nyumbani kabisa.

Barazani kwao ni kile ambacho nyote wawili mnakiona, au mmekipitia muda huohuo: treni, barabara, vumbi, jua, chakula. Na kikubwa kuliko vyote, hali ya hewa. Tunawacheka Waingereza kwa kuzungumzia mawingu, nasi kutwa tunaulizana mvua. Kuna kanuni moja tu: kubali kwanza. Mgeni anatoka stesheni mwezi wa kumi, jua limekaa utosini, anasema "What a lovely day!" Wewe unaona ukame, yeye kaacha mawingu kwao. Usibishane naye. Sema "Yes, it is. A bit windy, though." Lako limepita nyuma ya hiyo "though", taratibu, hakuna aliyeumia.

Nikupe na kitu cha kuweka mfukoni. London hupata mvua ya kama milimita 600 kwa mwaka. Dodoma, hii tunayoiita kame, hupata milimita 500 na kitu, karibu 600. Ila kule inanyunyiza mwaka mzima, huku inashuka karibu yote kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu zinafungwa. Mwambie mgeni: "We get nearly as much rain as London, but it all comes in about five months." Nimeijaribu sana hiyo. Wanabisha, wanacheka, wanatoa simu kuhakikisha. Kabla hajarudisha simu mfukoni mmeshafika Ihumwa. Akija Juni au Julai akashangaa baridi ya asubuhi, unalo jingine: tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. "We're quite high up here." Na swali la kila mgeni, kama makao makuu ni Dodoma au Dar es Salaam, liandalie jibu la pumzi moja: "It's Dodoma. The decision was made in 1973, but most of the ministries only moved after 2016." Ukipita kwenye wauza zabibu, sema kwamba zabibu za hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Usimhutubie, lakini. Chembe moja ya habari kwa wakati, kama unamwonjesha.

Sasa "Fine". Jibu la stori lina vipande vitatu: unajibu, unaongeza kidogo, unarudisha. Kile cha kati ndicho kinachokosekana kwa wanafunzi wangu wengi, na ndicho chenye mpini. Bila hicho mwenzako hana pa kushika. Tazama:

"Hi, how are you?"
"I'm good, thanks. Cold morning, though. How was the train?"
"Very smooth, actually. I slept most of the way."
"Oh, nice. You got up early, then?"
"At four. I'm not a morning person."
"Four! You'll need some coffee."

Hakuna neno hapo ambalo hulijui. Soma tena mstari wa mwisho. Hukuuliza swali. Umelidaka neno lake moja, "Four!", ukalirudisha kwa mshangao, kama unavyofanya mtu akikwambia ameamka saa kumi nawe ukamaka: "Saa kumi?!" Basi, inatosha. Watu wakishajifunza kuuliza wanavuka mpaka, wanapanga maswali matano mfululizo, mgeni anajiona yuko kituo cha polisi. Swali moja, halafu kauli, halafu mwache yeye avute.

Na wakati anavuta, toa sauti. Kwa Kiswahili huwezi kumsikiliza mtu dakika nzima bila "enhe", "kumbe", "wee!" Kwa Kiingereza unanyamaza kwa heshima, macho barabarani, naye nyuma anadhani hujaelewa au umekasirika. "Enhe" yako ni "Mm-hm" au "Right". "Kumbe!" ni "Oh, really? I didn't know that." Ukiwa na hizo tatu tu, umeshakuwa msikilizaji mzuri.

Kwenye maneno yanayohamishwa yalivyo ndiko kuliko na mitego, na hapa nitakaa kidogo maana nimeiona yote.

Mtego wa kwanza ni "pole". Mgeni anajikwaa kwenye ngazi, unasema "Sorry!", anakugeukia: "Why? It's not your fault." Kwake umeomba msamaha wa kosa ambalo hukulifanya. Mtu akijikwaa sema "Oh! Are you OK?" Akikwambia begi lake limebaki uwanja wa ndege, "Oh no, that's annoying." Akikwambia anaumwa au amefiwa, hapo "sorry" inarudi lakini na mkia wake: "I'm sorry to hear that." "Pole na safari" unaiokoa kwa "You must be tired." "Pole na kazi" haina pa kukaa kwa Kiingereza. Nasikitika, maana ni salamu nzuri kuliko nyingi walizonazo, lakini "Sorry for work" atadhani ameachishwa kazi.

Halafu "Umepotea!" Mgeni wa mwaka jana amerudi, nawe kwa furaha unamwambia "You are lost!" Mtu aliyekaa ndani ya gari lako akisikia hivyo atafungua ramani. Sema "Good to see you again" au "Long time no see." Na hiyo "Nice to meet you" ni ya siku ya kwanza peke yake. Ukimwambia mtu mliyekutana mwaka jana, umemwambia humkumbuki.

Kuna na "Nakuja", ile tunayoisema huku tumempa mtu kisogo tunaondoka. "I'm coming" kwa Kiingereza anaisema anayekaribia. Ukienda kuangalia tairi sema "I'll be right back." Na "naomba" yetu, ambayo adabu imo ndani ya neno lenyewe, ukiihamisha vibaya inazaa "Give me your bag", amri ya kibaka. "Can I take your bag?" inakutosha maisha yote.

Kuna mmoja ni wa garini hasa. Mgeni anasema "Do you mind if I open the window?" Wewe kwa ukarimu unajibu "Yes, yes!" Anaurudisha mkono, anakaa na joto lake mpaka Mtumba. Alichouliza ni kama utakereka akifungua. Ukisema "yes", unakereka. Ruhusa hapo ni "No, not at all" au, kama kichwa kinazunguka, "Go ahead." Inafanana na kuulizwa kwa Kiswahili "Hujala?" ukajibu "Ndiyo", yaani sijala. Kwa Kiingereza hapo ni "No", hata kama kichwani unaona unakubaliana naye. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja aliniambia ameamua kujibu yote kwa "Not yet", kwa sababu "bado" haijawahi kumwangusha. Nikamwambia kwa maswali ya chakula yuko sahihi.

Saa usiiguse kwa haraka. Nikiwa kijana nilimwalika mwalimu Mwingereza tuonane "at one", nikimaanisha saa moja asubuhi, tupande basi la kwenda Kondoa kuona michoro ya miambani. Mimi nimesimama stendi na mkate wangu wa kumimina tangu alfajiri, basi limeondoka, jua limepanda, nimeshamwapiza kimoyomoyo. Yeye kaja saa saba mchana, kaoga, anatabasamu, yuko ndani ya muda. Kila unapotaja saa kwa Kiingereza jumlisha au toa sita, halafu malizia kwa "in the morning" au "in the afternoon". Ukimwahidi kumfuata hotelini, mwandikie na ujumbe, 8:00 am, aione kwa macho.

Kuna jambo la majina pia. Akikwambia "Please, call me Anna", mwite Anna. Najua inakukera, mtu mwenye umri wa mama yako unamtaja jina kavu. Kwao hiyo ndiyo heshima aliyokupa, na ukiendelea na "Madam" kila sentensi anahisi umemsukumia mbali. "Mama" usijaribu kabla hamjazoeana.

Lafudhi usiihangaikie. Wageni wengi unaowapokea si Waingereza. Ni Wajapani, Waswidi, Wakorea, nao Kiingereza wamekikuta shuleni kama wewe. Kitu kibaya kuliko lafudhi yoyote ni kuitikia "Yes, yes" usichokielewa. Namjua dereva aliyeombwa asimame kwenye duka la dawa, akasema "Yes", akalipita duka, akalipita na la pili, mgeni kashika kichwa. "Sorry, could you say that again?" Hapo "sorry" iko mahali pake.

Kuhusu mazoezi: unaposubiri treni una dakika ishirini na siti tupu nyuma. Zungumza nayo. Jirekodi kwenye simu ukisema hiyo habari ya mvua ya London mara tatu, halafu jisikilize, utacheka mara ya kwanza tu. Kama nyumbani kuna mtoto anayesoma shule ya Kiingereza, mwombe awe mgeni kwa dakika tano kila jioni. Atakukosoa bila huruma, na hiyo ndiyo faida yake. Sentensi tatu mpya kwa wiki zinatosha. Mwanafunzi anayeniletea daftari lenye sentensi mia moja huwa simwoni mwezi wa pili.

Na usikiogope kimya. Mtu aliyeamka saa kumi za usiku ana haki ya kusinzia. Jaribu mara mbili. Akijibu "Mm" na kuangalia simu, au akavaa spika za masikioni, mwache. Mwenyewe ataanza mtakapouona mbuyu wa kwanza mkubwa, wengi wao huanza hapo. Kama hujisikii kuongea, "I'll let you rest" inakutoa kwa adabu.

Mkifika, kuna kufunga. "Karibu tena" ukiigeuza "Welcome again" atafikiri mnaingia mahali. Sema "Here we are", mshushie begi, halafu "Enjoy your stay" kama ni hotelini, "Good luck with the meeting" kama ni wizarani. Akisema "We should have a coffee sometime", usipange ratiba. Hiyo ni ndugu ya "Karibu nyumbani siku moja" yetu, ile isiyo na siku wala chai jikoni. Jibu "That would be nice", tabasamu, funga buti.

Wiki hii ukipokea mgeni, jaribu hiyo ya mvua, kisha niandikie alikwambia nini. Na yule dada akirudi Dodoma usimtajie tena watoto wala usimwombe radhi kwa maneno marefu. Muulize tu treni ilikuwaje.